Jinsi ya Kujifunza Kuyaona Maumbile kama Mchakato

Falsafa ya mchakato ina dai moja kubwa, na ni vizuri ulijue kabla hujaingia ndani: ulimwengu haukuundwa kwa vitu ambavyo baadaye hupatwa na mambo. Umeundwa kwa matukio, na kile tunachokiita kitu ni matukio yaliyofuatana na kushikamana kiasi cha kudumu kwa muda. Jiwe, mti, seli, mtu, nyota, yote hayo ni mambo yanayoendelea. Mengine yanaendelea polepole mno hata jicho linadhani yametulia.

Nimeishi na dai hili miaka mingi nikiwa mtu wa maabara ya hospitali, kazi yangu kubwa ikiwa kusoma damu kwenye hadubini. Sikulipata darasani kwa wanafalsafa, na ndiyo maana mwongozo huu hauanzii vitabuni. Unaanzia kwenye kitu kimoja kilicho mbele ya macho. Vitabu vinakuja baadaye, nami nitakueleza kipi kitangulie, kwa sababu wengi hukata tamaa na falsafa hii kwa kuanza na kitabu kisichofaa kuanza nacho.

Chagua kitu kimoja unachokijua

Chagua kitu unachokifahamu kwa kazi au kwa mazoea ya muda mrefu. Mkulima achague mmea, mpiga ala achague sauti moja, mama mlezi achague mtoto anayejifunza kusema. Usichague kitu kwa sababu kinasikika cha kifalsafa. Mimi nachagua chembe nyekundu ya damu, na nitaifuata hatua kwa hatua ili uone zoezi lenyewe linavyokwenda.

Tone la damu huwekwa kwenye slaidi, kisha hutandazwa kwa ukingo wa slaidi nyingine iliyoinamishwa, mpaka upatikane utando mwembamba ambamo chembe zimelala mojamoja bila kupandana. Utando ukishakauka, unachovywa kwenye methanoli ili chembe zishikamane na kioo. Unatiwa rangi, mara nyingi ya Giemsa, unaoshwa, unaachwa ukauke, unadondoshewa tone la mafuta na kusomwa kwa lenzi ya 100. Hapo ndipo unapoliona duara la waridi lililopauka, katikati peupe kidogo, upana wake maikromita 7 au 8. Duara hilo ndilo lililochorwa katika vitabu vya baiolojia, na mwanafunzi akiulizwa chembe nyekundu ni nini, analichora.

Sasa rudi nyuma ujiulize: ili duara hili lionekane, nimefanya nini? Nimeitoa damu mwilini, nimeitandaza, nimeikausha, nimeigandisha kwa methanoli. Kila hatua niliyopitia ilikuwa ya kusimamisha. Slaidi ni chombo kizuri, imeokoa watu wengi, na sitaki mtu aidharau. Ila inatuonyesha jambo lililokwisha kusimamishwa. Mwilini, chembe ile haikuwahi kuwa duara lililotulia. Ilikomaa kwenye uboho, ikatema kiini chake kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu, ikapita ikijikunja katika kapilari nyembamba kuliko upana wake yenyewe, ikawa inapokea oksijeni kwenye mapafu na kuiachia kwenye misuli na ubongo. Baada ya siku kama 120, ikiwa imeanza kukakamaa, ilimezwa na seli walaji kwenye wengu au kwenye ini, na chuma chake kikarudishwa kwenye uboho kutengenezea chembe nyingine. Mtu mzima hutengeneza chembe mpya kama milioni 2 kila sekunde.

Chembe nyekundu, basi, ni ipi? Ukijibu kwamba ni lile duara, umekichukua kipande kilichosimamishwa ukakipa cheo cha kitu kamili. Ukijibu kwamba ni ule mwendo wote, tangu uboho hadi wengu, pamoja na yote yaliyopokelewa na kuachwa njiani, umeshaingia kwenye falsafa ya mchakato hata kama hujasoma ukurasa mmoja.

Kuna slaidi ya aina ya pili ambayo nawashauri watu waione wakipata nafasi, nayo ni slaidi mbichi: tone la damu limefunikwa kwa kioo chembamba likiwa bado na majimaji, halijakaushwa wala kutiwa rangi. Tunapotafuta vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi, kwa njia hii, mara nyingi hatuanzi kwa kumwona mdudu. Tunaanza kwa kuona chembe nyekundu zikitikisika mahali fulani, zikisukumwa huku na huku, na hapo tu ndipo jicho linamtambua anayezisukuma. Jambo linaonekana kwanza, jina la mwenye jambo linafuata. Fundi wa maabara aliyezoea kutafuta maumbo pekee atachelewa kumpata mdudu huyo. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi kiasi hiki kwamba jicho linaweza kufundishwa kuanzia kwenye tukio.

Ujue mazoea unayopambana nayo

Tunapenda kuanza na kitu, kisha tukiongezee sifa, kisha tukiongezee mabadiliko. Tabia hii ina historia ndefu, na msingi wake katika falsafa ya Magharibi ni dhana ya dutu. Aristotle aliiweka katikati ya mafundisho yake: kuna kile kinachobaki chini ya mabadiliko, na kuna yale yanayokijia na kukiondokea. Kwa haki yake, dutu ya Aristotle ilikuwa na uhai. Alikuwa mtu aliyewachunguza wanyama kwa makini, na alijua kwamba mbegu ina mahali inapoelekea. Ugumu ulizidi katika karne ya 17. Mwaka 1644 René Descartes aliieleza dutu kuwa ni kitu kilichopo kwa namna ambayo hakihitaji kingine chochote ili kiwepo. Mwenyewe alikiri kwamba kwa ukali wa maneno hayo ni Mungu peke yake anayestahili jina hilo, lakini akaendelea kulitumia kwa mwili na akili.

Yashike maneno hayo ya Descartes, yatakusaidia kuliko hoja nyingi ndefu. Yachukue uyapime kwa kitu ulichokichagua. Je, kuna chochote katika maumbile kisichohitaji kingine ili kiwepo? Chembe yangu inahitaji chuma, sukari, plazima, msukumo wa moyo, uboho wa kuizalisha na wengu wa kuipokea. Ondoa hayo yote uone utabaki na nini.

Waliokataa kuanza na dutu walikuwapo tangu zamani. Heraclitus wa Efeso, aliyeishi karibu mwaka 500 kabla ya Kristo, alisema kwamba wanaoingia katika mito ileile hupitiwa na maji mengine na mengine tena. Watu wengi humnukuu nusu, wakamfanya mtu wa kulia kwamba hakuna kinachodumu. Msome tena: mito ni ileile. Inabaki ileile kwa sababu maji yanapita. Yakisimama, hakuna tena mto, kuna dimbwi. Kudumu kwenyewe ni kazi inayofanywa na mwendo. Wabudha nao walifundisha mapema kwamba hakuna kilichopo kwa kujitegemea, na mafundisho yao yanastahili mwongozo wake.

Hapa pana onyo moja. Falsafa ya mchakato haisemi tu kwamba kila kitu hubadilika. Hilo hata mtetezi wa dutu analikubali. Kwake kitu kipo, halafu kinabadilika. Falsafa hii inageuza mzigo wa maelezo. Kwetu, mabadiliko hayahitaji kuelezwa kwanza. Kinachohitaji kuelezwa ni utulivu: kwa nini jambo hili limeendelea kuwa lilelile kwa muda wote huu? Ukilishika geuzo hili umeshika nusu ya somo. Mlima uliosimama unakuwa fumbo la kuvutia, kwa sababu mabamba ya ardhi yanayouinua yanasogea sentimita chache kwa mwaka huku mvua na upepo vikiula. Jua nalo ni hivyohivyo. Linaonekana lilelile kila asubuhi kwa sababu kila sekunde linaunguza hidrojeni kiasi cha tani milioni 600, na uzito wa tabaka zake unaosukuma ndani unalingana na joto linalosukuma nje. Jua ni ulinganifu unaofanyika upya bila kukoma.

Whitehead na nguzo ya London

Mtu aliyeipa falsafa hii umbo lake kamili zaidi ni Alfred North Whitehead, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1861. Kwanza alikuwa mwanahisabati. Aliandika pamoja na Bertrand Russell majuzuu matatu makubwa juu ya misingi ya hisabati, yaliyotoka kati ya 1910 na 1913. Alikuwa pia amezama katika fizikia ya umeme na sumaku, na aliishi kuona nadharia ya Einstein ikivunja picha ya zamani ya vipande vigumu vya maada vinavyotembea ndani ya nafasi tupu. Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 63, alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na huko ndiko alikoandika falsafa yake kubwa. Nayataja haya ili usidhani kwamba mchakato ni wazo la watu wasiopenda sayansi. Lilitoka kwa mtu aliyeona kwamba sayansi yenyewe ilikuwa imeshaiacha dutu, ila wanasayansi waliendelea kuzungumza kana kwamba bado wanayo.

Katika mihadhara iliyochapwa mwaka 1920, Whitehead anatumia mfano ambao naurudia kwa kila anayeniuliza. London, kando ya Mto Thames, imesimama nguzo ya jiwe iliyochongwa Misri karibu miaka 3,500 iliyopita na kusimikwa pale mwaka 1878. Watu huiita Sindano ya Kleopatra. Kama kuna kitu kinachostahili kuitwa kitu, ni hicho. Whitehead anasema hapana, hilo nalo ni tukio. Mwanafizikia akiitazama atakwambia kwamba kila siku inapoteza molekuli na kupata nyingine. Hata mtu wa kawaida anaona kwamba inazidi kuchafuka, na mara mojamoja huoshwa. Tofauti kati ya nguzo ile na ajali ya barabarani ni ya muda na ya mpangilio. Nguzo ni tukio refu lenye sura inayojirudia.

Mihadhara hiyohiyo ina jambo lingine ambalo kwangu ndilo moyo wa mtazamo wake juu ya maumbile. Analalamika kwamba sayansi ya kisasa imeyapasua maumbile mapande mawili. Upande mmoja kuna molekuli na mawimbi, vinavyosemekana kuwa ni vya kweli lakini havina rangi, sauti wala harufu. Upande wa pili kuna wekundu, joto, uchungu na uzuri, vinavyosemekana kuwa vimo vichwani mwetu tu. Whitehead anaukataa upasuaji huo. Kwake, wekundu wa machweo ni sehemu ya maumbile sawasawa na mawimbi ambayo wanasayansi wanayatumia kuueleza.

Jaribu mwenyewe kwa damu. Hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu, ikiwa imebeba oksijeni hunyonya sana mwanga wa buluu na kijani na kuuachia mwekundu. Maelezo hayo ni sahihi, na kazini tunayategemea kupimia wingi wa hemoglobini. Lakini mtu akisema kwamba kwa hiyo wekundu haupo, kuna mawimbi tu, muulize: hayo mawimbi uliyajuaje? Kila kipimo kilichomfikisha kwenye mawimbi kilipitia jicho la mtu lililoona alama, rangi, mshale ukisogea. Ukikata tawi la kuona, umeanguka na mawimbi yako. Njia ya mchakato ni kusema kwamba kuna tukio moja refu linaloanzia kwenye mwanga, likapita kwenye hemoglobini, likaingia jichoni, likaishia kwenye kuona, na kila hatua yake ni maumbile.

Kosa la kukitwaa kipande tulichokitenga kwa akili na kukifanya kuwa ndicho halisi, kama lile la duara na chembe, Whitehead alilishughulikia tena mwaka 1925 na kulitaja kuwa chanzo cha matatizo mengi ya falsafa. Hakukataza kutenga. Bila kutenga hakuna hesabu, hakuna ramani, hakuna slaidi. Alitaka tukumbuke tulichokiacha nje.

Maswali matatu ya kuuliza

Lugha ya Whitehead ni ngumu, imejaa istilahi alizozitunga mwenyewe. Kwa anayeanza nimeipunguza ikawa maswali matatu, nami nayaona yanatosha kwa muda mrefu. Jambo hili linapokea nini kutoka kwa yaliyotangulia? Linayaunganishaje yaliyopokelewa yawe kitu kimoja? Na linaacha nini kwa yatakayofuata?

Yatumie kwanza kwa kitu kilicho karibu kuliko vyote, yaani wewe mwenyewe ukisikiliza sentensi. Mtu anasema, "Mgonjwa wa kitanda cha tatu ameamka." Neno la mwisho linapofika sikioni, yale ya kwanza yameshapita kama sauti, lakini hayajapotea, yamo ndani ya namna unavyolisikia lile la mwisho. Usingekuwa nayo, "ameamka" lisingekuwa na maana. William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, alikwisha kuonyesha mwaka 1890 kwamba fahamu haina vipande vilivyounganishwa kama mnyororo, inatiririka, na kila sasa ina upana wake. Sasa hiyo inapokea, inaunganisha, inakamilika, na papo hapo inakuwa urithi wa sasa inayofuata. Labda umetabasamu. Tabasamu hilo ndilo jibu la swali la tatu.

Henri Bergson, Mfaransa, alitoa zoezi dogo mwaka 1907 ambalo naomba ulifanye kweli, usilisome tu. Tia sukari kwenye maji, usikoroge, ungoje iyeyuke. Hesabu ya fizikia inaweza kukupa muda wa kuyeyuka kama namba, na namba haibadiliki hata ukiufikiria mchakato wote ukikimbia mara mbili zaidi. Lakini wewe huna budi kungoja. Kule kungoja, kukosa subira kwako, hakupunguziki wala hakuongezeki upendavyo. Bergson alisema huo ndio muda halisi, na ule wa kwenye mstari wa grafu ni alama zake tu. Kaa na glasi hiyo mpaka mwisho. Utaelewa kitu ambacho maelezo yangu hayawezi kukupa.

Sasa yatumie maswali kwa maumbile yaliyo nje yako. Angalia ule ukoga wa kijivu au wa njano unaoota juu ya mawe na magome ya miti. Mpaka karne ya 19 ulihesabiwa kuwa mmea wa aina yake. Katika miaka ya 1860 Simon Schwendener, Mswisi, alidai kwamba ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na wenzake wengi wakamkasirikia. Alikuwa amesema kweli. Kuvu anapokea sukari anayoitengeneza mwani kwa mwanga. Mwani anapata makao na unyevu. Jiwe linaliwa polepole na kuacha chembechembe za udongo. Ukiuliza "hiki ni kiumbe gani?" utakwama. Ukiuliza kinachoendelea pale, majibu yanakuja yenyewe. Mwili wa mtu nao ni hivyo: bakteria waliomo ndani yake wanakadiriwa kuwa sawa kwa idadi na seli zake, au kuzidi kidogo. Mipaka ya kiumbe kimoja inachorwa na kazi inayofanyika pamoja. Ngozi ni sehemu tu ya habari hiyo.

Wanabiolojia na wanafalsafa wa baiolojia wamelirudia jambo hili kwa nguvu miaka ya karibuni. Daniel Nicholson na John Dupré walihariri mkusanyo mkubwa wa makala juu yake mwaka 2018. Kwa upande wa kemia, Ilya Prigogine alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kazi iliyohusu mifumo inayojipanga na kudumu kwa sababu tu nishati inaipitia.

Katika swali la kwanza kuna jambo zito, na sipendi kulipita haraka. Kupokea si jambo la upole sikuzote. Whitehead aliandika waziwazi kwamba uhai ni unyang'anyi, na kwamba hapo ndipo maadili yanapoanza kuwa makali, kwa kuwa mnyang'anyi anatakiwa kujitetea. Kila kilicho hai kinabomoa kingine ili kiendelee. Ninavyoona mimi, hii ni nguvu ya falsafa hii kuliko mafundisho mengi ya kupenda mazingira yanayozungumza kana kwamba maumbile ni bustani ya amani. Ukikata msitu, unaingia kwenye mfululizo wa matukio uliokuwa unaendelea, unachukua, na unaacha kitu kingine mahali pake. Swali linakuwa la wazi: ulichokianzisha kinastahili kilichovunjwa? Hakuna anayeweza kujibu kwamba hakuchukua chochote.

Mahali ambapo wengi hugeuka na kuondoka

Whitehead hakuishia kusema kwamba matukio yanapokea na kuunganisha. Alisema kwamba kila tukio la msingi, hata la elektroni, lina upande wa ndani, aina ya hisia hafifu, isiyo na fahamu. Wasomaji wengi hufunga kitabu hapo. Usifunge bado. Hasemi kwamba jiwe linafikiri. Jiwe kwake ni mkusanyiko wa matukio mengi usio na umoja wa kuhisi, tofauti na seli au mnyama. Sababu yake ya kusema hivyo inastahili heshima: ukidai kwamba maada haina upande wa ndani hata kidogo, utalazimika kueleza fahamu ilichomoza wapi ghafla katika historia ya maumbile. Mimi nalichukua dai hilo kama pendekezo linalohitaji kuendelea kupimwa, ila naona wapinzani wake wana deni kubwa kuliko lake.

Yapo pia mafundisho yake juu ya Mungu, anayepokea ulimwengu na kuguswa na yanayoupata. Wamarekani wawili, mwanafalsafa Charles Hartshorne na mwanateolojia John Cobb, waliyaendeleza, na mwaka 1973 Cobb na David Griffin walianzisha kituo cha masomo ya mchakato huko Claremont, California. Unaweza kuyafuata au kuyaacha kwa sasa. Maswali matatu yanafanya kazi kwa muumini na kwa asiyeamini. Hartshorne, kwa njia, alikuwa pia mtafiti wa nyimbo za ndege, na aliandika kitabu kizima kutetea kwamba ndege wanafurahia kuimba. Falsafa yake na masikio yake vilikwenda pamoja.

Utakutana na pingamizi hili: mchakato bila kitu, nani basi anayetenda? Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, alikwisha kulijibu mwaka 1887 kwa mfano wa radi: tunasema radi inamulika, kana kwamba radi ipo kwanza, halafu ikaamua kumulika. Ondoa kule kumulika, hakuna radi iliyobaki. Pingamizi gumu zaidi ni la wajibu. Kama mimi ni mfululizo wa matukio, aliyekopa jana si anayedaiwa leo? Jibu ni kwamba matukio ya leo yameundwa kwa kuyapokea ya jana, na deni ni miongoni mwa yaliyopokelewa. Kukataa deni ni kudai kwamba umeanza leo bila urithi wowote, yaani kudai kuwa ile dutu ya Descartes.

Vitabu, na namna ya kuvisoma

Usianze na "Process and Reality" ya mwaka 1929. Najua ndicho kitabu kinachotajwa kuliko vyote, na mtu angependa kwenda moja kwa moja kwa kigogo. Ngoja. Anza na mihadhara miwili mifupi ya Whitehead, wa kwanza juu ya maumbile yasiyo na uhai na wa pili juu ya maumbile hai, iliyochapwa mwaka 1934 na baadaye kuingizwa katika "Modes of Thought" ya 1938. Humo anazungumza na msikilizaji wa kawaida. Kisha chukua "Science and the Modern World" ya 1925. Sura za karne ya 17 na za washairi ndizo tamu zaidi, za katikati zenye hesabu unaweza kuziruka mara ya kwanza. Ukiishafika kwenye kile kikubwa, tafuta toleo lililosahihishwa la 1978, kwa sababu matoleo ya 1929 yalikuwa na makosa mengi ya uchapaji, na kitabu kigumu kiasi hicho hakistahili kuongezewa ugumu.

Uwe na daftari, na uliandike kwa vitenzi. Ukisoma ukurasa, usiandike "chembe", andika kinachofanyika: inapokea, inajikunja, inaachia. Sentensi zitakuwa ndefu na zisizo nzuri, lakini mkono utazoea kabla ya kichwa. Pale istilahi ya Whitehead inapokushinda, irudishe kwenye moja ya maswali matatu. Karibu kila neno lake linaingia chini ya kupokea, kuunganisha au kuachia.

Usisome peke yako ukiweza. Tafuta mwenzako mmoja tu, msome kwa sauti, na mmoja wenu apewe kazi ya kumtetea Aristotle kwa moyo wote. Yeye ndiye achague kitu cha kujadiliwa, na achague kigumu: namba, almasi, sheria ya mvutano, jina la mtu aliyekufa. Mkimaliza kitu hicho, mbadilishane nafasi.